Dia Isiyo na Mlipaji

Sheria ya Kiislamu haikuliacha kosa la kuua bila kukusudia lipite kama upepo. Mtu aliyelenga mnyama akampata mwanadamu hauawi kwa kisasi, lakini haambiwi kwamba hana deni. Jamaa zake humchangia dia ikapelekwa kwa wafiwa. Juu ya hayo yeye mwenyewe, peke yake, hupaswa na kafara: kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza hufunga miezi miwili mfululizo. Wafiwa waweza kuisamehe dia. Kafara hawana uwezo wa kuisamehe, maana si yao. Katika mpango huo fedha ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kwamba pana mtu aliyesimama akasema kuwa damu hii imemwagika kwa mkono wake. Bila ya mtu huyo dia haina jina. Ni mali iliyookotwa njiani.

Yafaa jambo hili likumbukwe wakati wa kutazama yaliyotukia Khashamir, kijiji cha Hadhramaut katika Yemen. Jina la nchi hiyo si geni Lamu, Mombasa wala Unguja, kwani koo nyingi za pwani zilitoka huko. Katika mwezi wa Agosti 2012 imamu mmoja alihutubu akiwakemea Al-Qaeda, na kuwataka walete hoja moja ya dini inayohalalisha kuua wasio na hatia. Siku chache baadaye watu watatu wasiojulikana kijijini wakaja kumtafuta. Alikubali kuonana nao, akafuatana na kijana wa jamaa yake aliyekuwa askari polisi, ili asiwe peke yake. Usiku wa tarehe 29 makombora yakashuka kutoka katika ndege isiyo na rubani, na wote watano wakafa. Aliyepigana na Al-Qaeda kwa ulimi aliuawa na silaha ya wale waliopigana nao kwa moto.

Kwa maelezo ya jamaa za marehemu, mwaka 2014 ofisa mmoja wa usalama wa Yemen alimkabidhi mmoja wao dola 100,000 taslimu ndani ya mfuko wa plastiki. Aliambiwa kwa mdomo kwamba fedha zimetoka Marekani. Alipotaka neno hilo litiwe katika maandishi, hakuandikiwa.

Huenda mtu akasema kwamba fedha ni fedha, na kwamba mjane halishi watoto wake maandishi. Usemi huo una ukweli, wala si haki kumdharau mfiwa anayepokea. Lakini lazima itazamwe hali ya kinachotolewa. Sheria ya ulinzi ya Marekani ya mwaka wa fedha 2020 iliruhusu kutumia hadi dola milioni 3 kwa mwaka kuwalipa raia waliodhurika na mashambulio ya majeshi yake. Malipo ya namna hiyo huitwa hisani, si kukiri kosa. Tofauti ya maneno haya mawili, hisani na deni, si ya wanasarufi tu. Anayelipa deni husimama chini ya anayemdai. Anayetoa hisani husimama juu yake. Aliyefiwa na mwanawe akapewa hisani na aliyemuua ametiwa msiba wa pili, kwa sababu anatazamiwa ashukuru.

Ndiyo maana kesi iliyofunguliwa mjini Washington mwaka 2015 kwa ajili ya wafu wa Khashamir haikudai fedha. Ilitaka mahakama itamke kwamba mauaji yale yalikuwa kinyume cha sheria. Ilitupwa mwaka 2016, na tarehe 30 Juni 2017 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na kutupwa huko, ikisema kwamba maamuzi ya vita ni ya wenye kutawala, wala mahakimu hawana mizani ya kuyapima. Jaji Janice Rogers Brown, aliyeandika hukumu, aliongeza maoni yake mwenyewe. Ndani yake alisikitika kwamba usimamizi wa Bunge juu ya jambo hili ni mzaha, na kwamba mahakama nayo imefungwa mikono. Ni ajabu kwa hakimu kufunga mlango huku akieleza kwamba haoni mlango mwingine.

Lakini hoja iliyo nzito zaidi katika kuitetea serikali si ya mipaka ya mahakama. Ni hii: katika mauaji ya ndege hizi hayuko muuaji. Mmoja alitazama picha, wa pili akaifasiri, wa tatu akatoa amri, wa nne akabonyeza. Kila mmoja alifanya kipande chake kwa uaminifu. Tarehe 29 Agosti 2021, miaka tisa kamili baada ya Khashamir, watu kumi waliuawa hivyo Kabul, saba wao watoto. Wakuu wa jeshi kwanza walisema kwamba shambulio lilikuwa la haki. Tarehe 17 Septemba wakakiri kwamba aliyelengwa hakuwa adui bali mfanyakazi wa shirika la misaada. Uchunguzi wa jeshi ukaona makosa ya kutekeleza kazi, usione sheria iliyovunjwa, na Desemba ikatangazwa kwamba hapana atakayeadhibiwa.

Yamkini hakuna hata mmoja wao aliyestahili kifungo. Walakini hoja ya mikono mingi yathibitisha kinyume cha inachotaka. Hao waliopanga dia walijua kwamba mtu mmoja aweza kuelemewa na deni la damu, wakawatwika jamaa zake wote. Wingi wa mikono haukulipunguza deni, uliliongezea walipaji. Serikali ni ukoo wa namna hiyo. Yenyewe iliikusanya mikono ile, ikaifundisha, ikailipa mshahara, ikaiunganisha iwe mkono mmoja. Baada ya pigo haiwezi kuitawanya tena na kusema kwamba kila kidole hakina hatia.

Wako wanaosema kwamba kukiri hadharani hufichua siri za vita. Tarehe 23 Aprili 2015 Rais Obama alisimama mbele ya dunia akakiri kwamba shambulio la Marekani la Januari mwaka ule liliwaua mateka wawili wa Al-Qaeda, Mmarekani na Mwitalia, akabeba dhamana na kuwaomba radhi jamaa zao. Alifanya jambo la heshima, na siri za vita hazikumwagika. Basi iliwezekana. Kilichobaki ni kuuliza kwa nini iliwezekana kwa wale wawili, na kwa imamu na askari wa Khashamir ukatosha mfuko wa plastiki.

Wafiwa wa Khashamir walikwenda Ujerumani pia, kwa sababu mawasiliano ya ndege hizo hupitia kituo cha Marekani cha Ramstein. Mahakama ya Münster iliwapa sehemu ya ombi lao mwaka 2019, ya Leipzig ikawanyang'anya mwaka 2020. Tarehe 15 Julai 2025 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilisema kwamba dola hiyo yaweza kuwa na wajibu wa kumlinda hata mgeni aliye nchi ya mbali, ila sharti za wajibu huo hazikutimia katika kesi hii. Kufikia siku hiyo, mtoto aliyezaliwa Khashamir mwaka wa makombora alikuwa na umri wa kuweza kufunga Ramadhani nzima, na wa kuuliza mwenyewe ni nani aliyemuua imamu wa kijiji.