Breki za Watu Tusiowajua

Binamu yangu ana Subaru Forester yenye turbo, na ana shilingi laki moja na nusu alizoweka kando kwa ajili ya gari hilo. Swali lake, kama anavyoliona yeye, ni la kifundi: aanze na injini au aanze na breki? Kwa pesa hizo anaweza kubadilishiwa programu ya kompyuta ya injini, awekewe bomba jipya la moshi, na apate mvuto ambao atausikia mgongoni kila akikanyaga mafuta. Au anaweza kununua diski na pedi nzuri, mafuta ya breki yasiyochemka haraka, na matairi manne ya maana. Yote mawili pesa hazitoshi. Inabidi achague.

Nimelifikiria swali lake kwa muda mrefu kuliko yeye, na naona si la kifundi hata kidogo. Fundi anaweza kukuambia kila kitu kinagharimu ngapi. Hawezi kukuambia unamnunulia nani.

Tuanze na jambo lililo wazi. Injini ina mashahidi. Ukiiongezea nguvu, wewe mwenyewe unasikia, aliyekaa kando yako anasikia, na mtaa mzima unasikia saa sita za usiku. Kuna stori ya kusimulia: nilimpita nani, nilitoka wapi nikafika wapi kwa dakika ngapi. Breki nzuri haina stori. Siku ikifanya kazi yake vizuri kabisa, matokeo yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Ng'ombe alivuka, mtoto alivuka, ukaendelea na safari. Hakuna msee aliyewahi kuposti video ya ajali ambayo haikutokea.

Kwa hivyo usimcheke binamu yangu. Sote tumeumbwa hivi. Tunalipia kinachoonekana. Serikali hukata utepe wa barabara mpya, haikati utepe wa mtaro uliozibuliwa. Nyumbani tunanunua televisheni kabla ya kizima moto. Kitu ambacho faida yake ni utupu, yaani ajali isiyotokea au moto usiowaka, kina shida ya kushindana na kitu chenye mngurumo.

Sasa hesabu kidogo, kwa sababu hapa hesabu ina maadili ndani yake. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, linakula karibu mita 28 kila sekunde. Kwa 140, ni karibu mita 39. Hiyo sekunde moja ndiyo muda ambao jicho linaona, akili inaelewa na mguu unahama, kabla breki haijaguswa. Halafu kuna sehemu ambayo wengi hatuifikirii: nishati ya mwendo haipandi sambamba na spidi, inapanda kwa kipeo cha pili. Kutoka 100 hadi 140 umeongeza spidi kwa asilimia 40, lakini mzigo ambao breki inapaswa kuugeuza kuwa joto umekaribia kuwa maradufu. Yaani ukinunua spidi, umejikopesha. Deni liko kwenye magurudumu, linasubiri siku ya kulipwa.

Na deni hilo hulipwa kwa joto. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na sisi wa Pwani tunajua unyevu. Kiwango cha chini kinachotakiwa kwa mafuta mapya ya DOT 3 ni yasichemke kabla ya nyuzi 205. Kwa DOT 4 ni 230. Yakishanyonya maji, viwango hivyo hushuka hadi 140 na 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na kanyagio linazama hadi sakafuni bila gari kushikika. Kubadilisha mafuta hayo ni kazi ya pesa ndogo, asubuhi moja tu gereji. Lakini ni watu wangapi wenye magari ya kukimbia wanakumbuka mara ya mwisho walipoyabadilisha?

Hata wanaonunua breki, wengi wananunua sura. Kuna vifuniko vya plastiki vyekundu vya kubandika juu ya kalipa ili ionekane kama ya gari la mashindano. Na hata kalipa kubwa halisi haifupishi sana usimamaji wa mara moja, kwa sababu mwishowe anayeshika barabara ni tairi. Kazi ya breki kubwa ni kuvumilia joto ukisimama mara nyingi mfululizo. Kwa hivyo breki ya kweli inaweza kuwa ya bei rahisi na isiyopendeza: tairi zenye meno, pedi zisizoisha, mafuta mapya. Hakuna atakayeziona. Sioni jaribio zuri kuliko hilo la kujua unamnunulia nani.

Binamu yangu alizaliwa Idsowe, na mimi pia. Kwa asiyepajua: ni kijiji cha Tana Delta karibu na Garsen, pale barabara ya kwenda Lamu inapovuka Mto Tana. Ni nyumbani kwa Wapokomo wanaolima kando ya mto, na ng'ombe wa Waorma na Wawardei hupita wakitafuta maji. Zamani kutoka Garsen kwenda Witu na Lamu ilikuwa udongo tupu. Gari lilikwenda kwa mwendo ambao udongo uliruhusu, na mvua ikinyesha udongo haukuruhusu kabisa. Kisha ikaja lami. Lami tuliiomba, tuliihitaji, na imeokoa maisha: mama mwenye uchungu wa kuzaa anafika hospitali. Lakini tuseme ukweli, lami ni kama injini mpya iliyofungwa kwenye kaunti nzima. Kila gari liliongezewa nguvu siku moja. Breki za watu hazikuongezwa siku hiyo, wala masikio ya ng'ombe.

Na kuna kitu ambacho anayepita hawezi kukiona kutoka nyuma ya usukani. Kwake yeye, barabara ni njia. Kwa mtu wa pale, barabara ni uwanja wa nyumba. Ni mahali pa kuuzia maembe, pa kusubiri gari, pa kupigia gumzo jioni. Na mto ukifurika, kama mwaka 1997 na tena 2023, tuta la barabara ndilo linalobaki juu ya maji. Wenye kuhama huhamia kando ya lami na watoto na mbuzi. Huwezi kumwambia mtu huyo akae mbali na barabara. Mbali na barabara ni maji.

Shangazi yangu, mama yake binamu, huuza maembe hatua chache kutoka hapo.

Basi ningekwambia kitu kimoja kuhusu binamu yangu. Nimesafiri naye kutoka Malindi mara nyingi. Anakimbia, sitamficha. Lakini akikaribia Idsowe mguu wake unanyanyuka wenyewe. Anashuka hadi 50, anashusha kioo, anapiga honi kidogo ya salamu. Anajua nani anakaa wapi. Anajua mtoto yupi ni mtundu na mzee yupi hasikii vizuri sikio la kulia. Idsowe hahitaji alama ya barabarani wala tuta la kumwambia apunguze. Nilipomuuliza kwa nini, alinishangaa. "Bro, pale si nyumbani?"

Tukatoka Idsowe, na mguu ukarudi chini. Tulipita Gamba kama vile hakuna mtu anayeishi Gamba.

Hapo ndipo ninapoona swali lenyewe. Binamu yangu si mtu mbaya. Ana huruma ya kutosha, tena ya haraka kuliko kompyuta yoyote, ila ina mpaka: inaanza anapoanza kujua majina, inaishia yanapoishia. Gamba pia kuna shangazi wa mtu anayeuza maembe. Minjila yupo, Witu yupo. Kila kijiji kando ya lami ni Idsowe ya mtu fulani, na huyo mtu fulani, akipita Idsowe yetu, hajui majina yetu.

Kwa wale tunaowajua, hatuhitaji breki ya bei ghali, kwa sababu moyo hushika mapema. Breki ya chuma ni ya wale wengine. Ni pesa unayoilipa leo, ukiwa umetulia gereji, kwa ajili ya mtu ambaye hujamwona, hutamjua, na ambaye siku mkikutana moyo wako utakuwa umechelewa kwa mita 39. Ukinunua nguvu, unajinunulia mwenyewe. Ukinunua breki, sehemu kubwa unamnunulia mgeni, na mgeni huyo hatakushukuru, maana hatajua kulikuwa na nini cha kushukuria.

Nilimwambia hivyo, kwa maneno mafupi kidogo. Akanijibu majibu mawili, na yote mawili si ya kupuuza.

La kwanza: gari ni yangu, doh ni yangu. Ni kweli. Lakini mwendo si wako peke yako. Gari likiwa limeegeshwa uani, ni mali yako kama kiti. Likiwa kwenye 140, limekuwa jambo la kila aliye mbele yake kwa mita mia na zaidi. Hao watu hawakuulizwa. Hawafaidi mvuto, hawasikii raha ya turbo, lakini wamewekewa sehemu ya bei. Mimi sijui biashara nyingine ambayo ni halali mmoja afurahie bidhaa na mwingine abebe hasara bila kuulizwa.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Alisema: ukinipa breki kubwa si nitakimbia zaidi? Na ana ushahidi upande wake. Mjini Munich, Ujerumani, miaka ya 1980, watafiti walifuatilia teksi za kampuni moja, baadhi zikiwa na breki za ABS na nyingine bila. Walitarajia zenye ABS zipate ajali chache. Hazikupungukiwa. Madereva waliojua wana breki bora waliendesha kwa ukali zaidi, wakaila ile akiba ya usalama kama mtu anayepandishiwa mshahara na kupandisha matumizi siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo breki haikufanyi uwe mwema. Nakubali. Mtu anaweza kuinunua kama leseni ya kukimbia. Lakini jibu hilo linathibitisha kwamba swali ni la nia. Breki ileile, bei ileile, yaweza kuwa ahadi kwa mgeni au ruhusa kwa nafsi, na tofauti iko kwenye mguu wa kulia Gamba, pale ambapo hakuna anayekujua. Mtu akisema "nikipewa breki nitakimbia zaidi", hajatoa sababu ya kutonunua breki. Ametoa taarifa kuhusu yeye mwenyewe.

Tuna mfano wa kujifunza hapa Kenya. Safari Rally ilianza 1953, na hadi 2002 ilikimbiwa kwenye barabara za kawaida zilizo wazi, zenye ng'ombe, baiskeli na matatu. Colin McRae alishinda na Subaru mwaka 1997, na picha ya gari lile la bluu bado imebandikwa kwenye ndoto za vijana wengi. Kinachosahaulika ni kwamba timu kubwa zilikodi helikopta za kuruka mbele ya magari yao, zikitazama nini kiko barabarani na kumwonya dereva kwa redio. Madereva bora duniani, wenye breki bora duniani, walijua kwamba bado hawatoshi bila mtu wa kuwaonea mbele. Iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, kule Naivasha, inakimbiwa kwenye vipande vilivyofungwa. Kijana anayenunua injini ya McRae hanunui helikopta.

Serikali nayo ilijaribu kutufungia breki kwa sheria. Mwaka 2004, sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa, kila matatu ilitakiwa kuwa na spidi gavana ya kuizuia isipite 80, pamoja na mikanda. Ilisaidia. Kisha mafundi wakajifunza kuichokonoa. Mara nyingine ni fundi yuleyule, asubuhi anafunga gavana, jioni anaifungua. Breki inayotoka nje hudumu kadiri ya macho ya askari. Na kati ya Malindi na Lamu, askari hawezi kusimama kila mahali penye shangazi wa mtu.

Methali ya haraka haraka haina baraka sitaitumia. Nimeiona imeandikwa nyuma ya matatu iliyotupita kwa kasi ya ndege. Wala simwambii kijana mwenye gari zuri auze anunue Probox. Raha ya injini ni raha halali. Kuna uzuri katika chuma kilichopangwa vizuri, na mtu aliyefanya kazi ana haki ya kufurahia jasho lake. Ninachosema ni habari ya mpangilio. Lipa deni kabla ya kukopa. Matairi, pedi, mafuta ya breki. Kisha, kikibaki kitu, injini. Ukifuata mpangilio huo, nguvu utakayoongeza baadaye imekwishaombewa ruhusa. Ukiugeuza, umejipa zawadi kwa pesa ya watu wengine.

Binamu yangu bado hajaamua. Fundi wake ameshampa bei ya injini, na bei ni nzuri. Mimi nimemwomba kitu kimoja tu kabla hajalipa: aende Lamu na kurudi, na katika kila kijiji afikirie kwamba yule mwanamke aliyekaa na maembe kando ya lami ana mtoto wake mahali fulani, anayeendesha gari la kasi, na ambaye saa hiyohiyo anakaribia Idsowe.