Mama na Makinda Yake



Tufungue Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Mtu yuko njiani, labda ana njaa, anakuta kiota. Musa hamkatazi kula. Anamruhusu kuchukua makinda, ila mama yao amwache aende zake. Anayetii anaahidiwa heri na maisha marefu, kama yule anayewaheshimu baba na mama. Ahadi kubwa namna hiyo kwa ajili ya ndege tu! Sisi wahubiri tumezoea kuiruka sura hii.

Sasa tutazame ziwa letu. Pale Rusizi unapoingia Tanganyika, upande wa Gatumba, samaki wengi huzalia na kukulia ndani ya matete. Delta ile iliandikwa mwaka 2002 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, unaolinda maeneo ya majimaji duniani. Tukikata matete na kukokota chandarua cha mbu ufukoni, tunatoa mama na makinda pamoja. Na tuseme kweli: wengine wetu tulipewa vyandarua ili watoto wasiugue malaria, tukavishona kuwa nyavu. Mtoto akalala na mbu, na ndagala wakatoka wadogo kama sindano.

Mwaka 2024 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilifunga uvuvi ziwani tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaa. Tuliona ni jambo jema, na bado tunaona hivyo. Lakini miezi mitatu ni mirefu kwa mjane anayenunua beseni la ndagala asubuhi, akaanika, akauza, ndipo apate unga wa jioni. Mkimbizi hana shamba la kurudia. Tukimwambia asubiri, Mungu atatoa, kisha sisi tukaenda kula, Yakobo amekwisha kutujibu (Yak. 2:15-16).

Kwa hiyo wazee wa kanisa wamekubaliana: ziwa likifungwa tena, sadaka ya Jumapili ya kwanza ya mwezi itanunua unga na maharage kwa nyumba za wavuvi na wauza ndagala, Wakongo na Warundi, wawe washirika wetu au wasiwe. Kina mama wataandika majina. Na mwenye wavu wa chandarua nyumbani aulete kwa shemasi, hataulizwa neno. Ukiwa bado unafaa, utafuliwa, utashonwa na kurudi kitandani kwa mtoto.