Mtoto Hana Haraka ya Kufika

Ukimuuliza mtoto wa miaka minne aliyekwenda Kigamboni jana aliona nini huko, bahari anaweza asiitaje kabisa. Atakusimulia mlango wa chuma wa pantoni unavyoshuka kwa kishindo, bodaboda zinavyonguruma kabla mlango haujagusa chini vizuri, na mzee mmoja aliyepita na tenga la kuku kichwani. Wazazi wake walipanga kumpeleka ufukweni. Walinunua ndoo na koleo la plastiki, wakabeba taulo, wakaamka alfajiri kukaanga maandazi. Kwake yeye safari ilifika kilele pale Magogoni, kwenye maji yanayovukwa kwa dakika chache tu, kwa nauli ambayo kwa miaka mingi imekuwa Sh200.

Mitoko mingi ya familia huharibikia hapo. Mzazi ana mahali pa kufika, na kila kinachomchelewesha ni usumbufu. Mtoto anavutwa mkono, anaambiwa "twende, tunachelewa", na kwa kuwa hajui wanachelewa nini, analia. Saa mbili baadaye wote wamekasirika, na kila mmoja ana haki yake.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na kwa nchi nzima zaidi ya wanne katika kila watu kumi walikuwa chini ya miaka 15. Kwa hiyo swali la Ijumaa jioni, "wikiendi hii tunawatoa wapi watoto?", linaulizwa katika nyumba nyingi kuliko sehemu zilizopo za kuwapeleka. Jibu la haraka ni sehemu yenye geti: kiingilio, bwawa la kuogelea, pulizo kubwa la kurukia, sahani ya chipsi kuku. Kwa mwenye watoto watatu hesabu inapanda upesi, maana bwawa lina bei yake, pulizo lina bei yake, na soda ya ndani haifanani na ya dukani. Wengi wakishapiga hesabu hiyo husema "tutakwenda mwisho wa mwezi", na mwisho wa mwezi ukifika una kodi ya nyumba na ada ya shule.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikuliweka jambo hili kwenye fungu la anasa. Kifungu cha 8, kinapotaja mambo ambayo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto, kinaanza na chakula, malazi, mavazi na matibabu pamoja na chanjo, kinaendelea na elimu na malezi, na hakimalizi bila kutaja haki ya kucheza na kupumzika. Mchezo umewekwa katika orodha moja na wali. Mzazi aliyekosa pesa ya mboga hukopa kwa jirani, kwa sababu watoto hawawezi kulala na njaa. Aliyekosa muda wa kutoka na wanawe huahirisha, na hakuna anayemshangaa.

Uzuri ni kwamba mtoto mdogo hana gharama kubwa. Kwa familia ya Kimara, mtoko unaanzia kituo cha mwendokasi. Mabasi hayo yaliyoanza kazi mwaka 2016 yanakwenda mpaka Kivukoni, jirani kabisa na feri, na kwa mtoto aliyezoea daladala basi refu lenye kiungo katikati, linalojikunja kwenye kona huku abiria wamo ndani, ni jambo la kusimulia wiki nzima. Daladala nayo ina elimu yake. Konda anaposema, "Dada, mpakate mtoto, mzee akae," mtoto anajua mapema, akiwa mapajani kwa mama yake, kwamba mzee hasimami wakati yeye amekaa.

Kivukoni kuna soko la samaki. Mtu mzima hupita hapo akiwa ameziba pua, akiwahi pantoni, mtoto hapiti. Kuna pweza anayepigwapigwa chini ili alainike, kuna mnada ambao watu wanapiga kelele bila kugombana, kuna paka wanene kuliko wa nyumbani. Pantoni hii ikiondoka nyingine itakuja. Mzazi anayeweza kulikubali jambo hilo dogo ameshapata nusu ya mtoko, na bado hajatoa hela ya maana.

Kumsubiri mwenye hatua fupi si jambo la leo. Laetoli, kule Ngorongoro, timu ya mtafiti Mary Leakey ilifukua mwaka 1978 nyayo zilizoachwa kwenye majivu ya volkano miaka takriban milioni 3.6 iliyopita. Ndani yake kuna nyayo za mkubwa na za mdogo zinazokwenda sambamba, hatua zikilingana. Kama yule mdogo alikuwa mtoto au mtu mzima wa umbo dogo, majivu hayasemi. Lakini kwa kulingana kule, yaelekea mwenye miguu mirefu alikuwa anajizuia.

Coco Beach ya Jumapili jioni inajulikana: mihogo ya kukaanga yenye chachandu, mishikaki, madafu, na muziki wa kila kibanda ukigombana na wa jirani. Wenye watoto wadogo wana sababu nzuri ya kwenda asubuhi badala yake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hutoka mbali mnamo saa nne asubuhi, kisha hurudi kujaa karibu saa kumi jioni. Kwa hiyo siku hizo umati wa jioni mara nyingi hukuta bahari imejaa na ina nguvu, na mzazi hawezi kuondoa macho kwa mtoto hata kwa muda wa kulipia muhogo. Aliyewahi asubuhi ameikuta miamba iko wazi, na kati ya miamba kuna vidimbwi ambavyo maji yake hayavuki vifundo vya miguu.

Katika kimoja cha vidimbwi hivyo kuna binti wa miaka mitano hivi. Amechuchumaa, pindo la gauni limeloa, kidole amekinyoosha lakini hagusi. Mbele yake kaa mdogo wa rangi ya mchanga amesimamisha macho yake mawili, anakwenda upande, anatulia, anajichimbia chini ya jiwe. Mtoto hanyanyuki. Anamsubiri atoke. Mama yake amekaa juu ya kanga hatua tatu nyuma, anamenya yai la kuchemsha, anamtazama na hamwiti. Kaa anatoa mguu mmoja, anaurudisha.

"Mama, ananiogopa?"

"Anakuogopa, mwanangu. Wewe kwake ni mkubwa sana."

Mtoto anageuka kumwangalia mama kuhakikisha kama ni kweli. Nyumbani yeye ndiye wa mwisho. Anaogopa mbwa wa jirani, anaogopa kaka zake wakizima taa. Hajawahi kuambiwa kwamba yupo kiumbe anayemwogopa yeye. Anarudi nyuma kidogo, kwa hiari yake, ili kaa apate nafasi ya kutoka.

Hakuna bwawa lenye kiingilio linalouza kitu hicho. Kilichohitajika ni bahari iliyotoka, yai, kanga, na mama asiyeshika simu. Hili la simu ni gumu kuliko nauli. Siku hizi mtoko unaanza kupigwa picha kabla haujaanza kuwa mtoko: simama hapo, cheka, hujacheka vizuri, rudia. Wakikaa chini kula, mtoto anapewa simu ili atulie, na wakubwa wanabaki na zao. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Asiyetimiza miaka miwili haifai kuwekwa mbele ya skrini hata kidogo, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Wenye miaka mitatu na minne wanatakiwa wapate dakika 180 au zaidi za kukimbia, kuruka, kupanda na kutembea kila siku. Dakika 180 ni saa tatu. Ndani ya vyumba viwili vya kupanga, ambako korido ni ya wapangaji wote na uani pamejaa beseni za kufulia, saa tatu za kukimbia haziwezekani. Mtoto lazima atoke.

Si lazima iwe bahari. Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert, yana fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na mzazi msomi angependa wanawe walistaajabie. Wadogo watakimbilia magari ya zamani, likiwamo lile la Rolls-Royce alilolitumia Mwalimu Nyerere. Waachwe. Fuvu limesubiri miaka milioni moja na zaidi, litawasubiri hadi wafike darasa la tano.

Treni ya umeme nayo imewapa wazazi kisingizio kizuri. Ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa Sh13,000, mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili akilipa nusu, na wa chini ya hapo bure. Kuna familia zimepanda asubuhi, zikala ndizi Morogoro zikiitazama milima ya Uluguru, na kurudi jioni hiyo hiyo, bila kuwa na ndugu wala shughuli huko. Wazee wa nidhamu ya pesa wataona ni ufujaji. Lakini mtoto aliyeona nguzo za umeme zikirudi nyuma kwa kasi ile, huku baba yake akiwa kando yake badala ya kazini, kuna kitu kimemwingia ambacho hata kesho hakitatoka.

Kuwa kando yake ndilo jambo lenyewe. Nchi hii imewahi kulipa gharama kubwa ya kuwaachia watoto watoke peke yao. Siku ya Idd el Fitr, mwaka 2008, watoto wa Tabora walivalishwa nguo mpya, wakapewa hela ya sikukuu, na mamia yao wakaenda disko toto. Ukumbi ulijaa kupita kiasi. Karibu watoto 20 walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana. Tangu hapo, kila Idd na kila Krismasi ikikaribia, polisi wa mikoa hutangaza kwamba disko toto ni marufuku, na wazazi hukumbushwa wasiwaache watoto wazurure wenyewe. Marufuku ni sawa. Hata hivyo, marufuku hayampeleki mtoto mahali. Wale waliofia Tabora walitaka kitu cha haki kabisa kwa siku ya sikukuu: nguo mpya ionekane, miguu icheze, soda inywewe na wenzao. Walikosa mtu mzima wa kusimama mlangoni na kusema humu pamejaa, turudi nyumbani. Walikosa pia uwanja ulio wazi, ambao hauna mlango wa kujifunga.

Uwanja huo ndio unaozidi kuadimika. Michoro ya mipango miji ya mitaa mingi ya Dar es Salaam ina maeneo ya wazi yaliyotengwa kwa ajili ya michezo na mapumziko, lakini ukienda kuyatafuta kwa miguu unakuta fremu za maduka, gereji, maegesho ya malori au ukuta wa mtu. Watoto wamehamia barabarani, wanacheza kombolela kati ya bajaji. Hata pale ambapo uwanja umebaki, mama mwenye mtoto mchanga na mwingine wa miaka mitatu hawezi kukaa hapo zaidi ya saa moja, kwa sababu hakuna kivuli, hakuna maji, na choo kilichopo ni kile cha baa ya jirani ambacho mlinzi wake anaangalia kwanza kama umenunua kinywaji. Wazazi wanaotoka na watoto wanajua: choo ndicho kinachoamua mtoko utaisha saa ngapi. Mwarobaini mmoja mkubwa, bomba moja la maji, choo kinachosuguliwa na kudekiwa, na benchi la kumlazia mtoto ukimbadilisha pempasi, vingeongeza saa mbili kwenye Jumapili ya familia nzima, na gharama yake haifiki ya nguzo za taa zinazowekwa kwenye mizunguko ya barabara.

Mambo hayo hayaanzii Dodoma. Mikutano ya mtaa huitishwa, na wanaohudhuria wengi ni wazee waliokwisha kulea. Huzungumzwa taka, ulinzi shirikishi, mitaro na michango. Uwanja wa watoto hautajwi, kwa kuwa wenye watoto wadogo saa hiyo wako nyumbani wanawaogesha. Waende nao. Mtoto akilia mkutanoni si kosa, na mwenyekiti aulizwe mbele ya watu lile eneo la wazi lililoko kwenye ramani ya mtaa alipewa nani, lini, na kwa kibali gani.