Je, Kunyamaza Ni Kunyima?

Wapendwa, tuulizane. Kama najua msaada uko wapi na jirani hajui, nikinyamaza nimemnyima? Wengi watasema hapana, hizo pesa si zangu. Mimi nasema ndiyo. Wale wajane wa Matendo 6 hawakukosa kwa sababu chakula kilikuwa kimeisha; walisahauliwa wakati wa kugawa.

Angalia Inua Jamii. Serikali hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, na kuna fungu la mayatima na la wenye ulemavu mkubwa. Lakini lazima mtu aandikishwe, na bila kitambulisho haendi popote. (Shosho wengine chao kilipotea kitambo, wengine miaka iliyoandikwa humo si yao.) Chifu hutangaza barazani, sawa, ila mwenye magoti mabovu hafiki baraza. Wala kanisani hafiki kila Jumapili.

Mwingine atasema, “Nikimwambia ataona nimemwita maskini.” Hapo kuna ukweli, aibu inauma kuliko njaa. Kwa hivyo usimtaje mbele ya watu. Mwendee nyumbani, ukae, uulize tu kitambulisho kiko wapi. Usajili ukifunguliwa, mpeleke kwa chifu.