Kamera ya Kutosha Ufipa

Mtu akiuliza abebe kamera ya namna gani, wengi humwelekeza dukani au kwa fundi, si kwa mwanafalsafa wala kwa padri. Lakini ndani ya swali lake mna swali la zamani: chombo cha ukubwa gani kinatosha, na ni wapi ukubwa huo unaanza kuwa mzigo kwa aliyekibeba na kwa kazi yenyewe? Aristotle, katika kitabu chake cha siasa, alisema wazi kwamba hakuna ufundi ambao vyombo vyake havina ukomo, iwe kwa idadi au kwa ukubwa, maana kazi ndiyo inayokipa chombo kipimo. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya zuhudi hakuishia kwenye moyo. Alishuka hadi kwenye chakula, mavazi, makazi na vyombo vya nyumbani, akitenganisha haja na ziada katika kila kimoja. Nashika njia hiyohiyo. Kwa mtu anayetaka kuiona Ufipa na kuionyesha kwa wengine, kamera nyepesi yenye lenzi moja isiyofunguka, inayopiga mandhari pana na pia kuvuta vitu vya mbali sana, kwa kawaida ndiyo chaguo sahihi. Na usahihi huo hauishii kwenye mfuko na mgongo. Ni jambo la maadili.

Tuanze na ardhi yenyewe. Uwanda wa juu wa Ufipa umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, na maziwa yote mawili yako chini yake kwa karibu mita 1,000, hivyo anayetaka kufika majini hana budi kushuka ukingo wa Bonde la Ufa, na kuupanda tena akirudi. Msitu wa Mbizi, wenye mbega wekundu waliotengana na wenzao wa misitu mingine, huingiwa kwa miguu. Maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, yanashuka zaidi ya mita 200 bila kukatika, na korongo mfuko-shingo hutaga kwenye kuta za genge la hapo, mahali ambapo hakuna binadamu anayefika. Mpiga picha wa kawaida hutoka mjini kwa basi hadi Matai, akapanda bodaboda, kisha akatembea. Lenzi ya Canon ya milimita 600 iliyotoka mwaka 2018 ina kilo 3 na gramu 50, kabla hujahesabu kamera yenyewe, stendi ya miguu mitatu na lenzi ya pili ya kupigia mandhari. Nikon P900 ya mwaka 2015 ina gramu 899, betri ikiwa ndani, na lenzi yake inaanzia upana wa kuchukua genge lote hadi uvutaji unaolingana na milimita 2,000. Pale ukingoni vyote viwili vinahitajika ndani ya dakika moja: kwanza maji na mwamba, kisha kinda kwenye tundu lake upande wa pili. Mwenye lenzi mbili hulazimika kuifungua kamera kwenye upepo wa kiangazi, vumbi likaingia ndani na kuacha madoa kwenye kila picha itakayofuata. Lenzi isiyofunguka haimpi wasiwasi huo.

Neno hilo, wasiwasi, ndilo linalolipeleka jambo hili kwenye maadili. Umakini wa mtu una mpaka. Sehemu ya umakini inayokwenda kwenye begi la fedha nyingi, kwenye kamba ya buti ya basi, kwenye wingu linalokusanyika juu ya Mbizi na kwenye kijana aliyesimama karibu mno, imeondolewa kwa ndege, kwa mlima na kwa watu ambao safari ilifanywa kwa ajili yao. Wasiwasi humfanya mtu pia amdhanie vibaya jirani asiye na kosa. Injili tatu zinasimulia Yesu akiwatuma wanafunzi wake bila mkoba wala fedha, na hazikubaliani kuhusu fimbo: Marko anairuhusu, Mathayo na Luka wanaikataza. Wafafanuzi wamejadili tofauti hiyo kwa muda mrefu. Kwa hoja yangu inatosha kwamba hata katika agizo kali kama hilo kuna mwinjili aliyeona kuwa kitu kinachomsaidia mtu kutembea hakilingani na kitu kinachomfanya asimame kukilinda. Swali la kuuliza juu ya kamera ni kama iko upande wa fimbo au upande wa mkoba.

Pingamizi la kwanza ni la ubora, na lina nguvu. Kihisi mwanga ndani ya kamera hizi nyepesi kina eneo la milimita za mraba 28 hivi, wakati cha kamera kubwa za kitaalamu kina 864, yaani karibu mara 31. Mwanga ukiwa haba, tofauti hiyo haifichiki. Asubuhi ya ukungu ndani ya Mbizi, mbega akiwa ameketi chini ya majani mazito, kamera ndogo itatoa manyoya yaliyopakana kama rangi iliyolowa na kivuli kilichojaa chembechembe. Mtafiti anayehitaji kumtambua kila mbega kwa alama za uso wake anahitaji chombo kikubwa, na akibebe bila kuona haya. Huko si kuivunja hoja, maana mizani ni ileile. Wahunzi wa Kifipa waliijua. Malungu yao, matanuru ya udongo yenye urefu wa mita 3 hivi ambayo baadhi bado yamesimama mashambani, yalivuta hewa yenyewe kupitia mirija iliyopangwa chini, bila mivukuto, na urefu ndio uliofanya uvutaji huo uwezekane. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kikasafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, lililopulizwa kwa mivukuto. Kubwa lilikuwa kubwa kwa sababu kuyeyusha kulidai hivyo, na dogo lilikuwa dogo kwa sababu kusafisha hakukudai zaidi. Picha nyingi zinazotoka Ufipa leo zitatazamwa kwenye simu, kwenye ukurasa wa gazeti au kwenye ukuta wa darasa. Zimepigwa mchana, kwenye mwanga mkali wa uwanda usio na miti mingi. Kazi hiyo haidai kilo sita za lenzi kubwa na vifaa vyake. Tena kuna mahali ambapo hata hizo kilo sita hazisaidii: saa saba mchana kandokando ya Ziwa Rukwa, hewa ya moto hutetemeka juu ya ardhi, na ndege wa mbali hutoka amepindapinda, lenzi iwe ya bei gani.

Pingamizi la pili ni la heshima, na naliona kuwa gumu zaidi kwa sababu halisemwi waziwazi. Kwenye harusi, kwenye komunyo ya kwanza, kwenye upadirisho, kamera kubwa hufungua njia. Watu humpisha aliyeibeba, na mwenye shughuli huamini fedha yake imekwenda kwa mtu wa kazi. Sithubutu kumlaumu kijana anayekodi kamera kubwa ili apate mkate. Soko limemwekea sharti hilo. Lakini tukubali kilichotokea: ukubwa wa chombo umeanza kufanya kazi ya ushahidi, na aliyepewa heshima ni chombo. Hapo chombo kimeacha kutumikia picha. Wapo watakaotetea uzito kwa njia ya kidini zaidi, kwamba kujitaabisha ni sehemu ya ibada, na mandhari iliyogharimu jasho ina thamani kuliko iliyopatikana kirahisi. Dini zetu zinaheshimu mzigo, ni kweli. Lakini mzigo unaoheshimiwa ni ule unaompunguzia mwingine taabu. Mama anayepanda kilima cha Ufipa na kuni kichwani, kuna watu nyumbani wanaoungoja mzigo wake. Kilo za ziada za lenzi, zisipobadilisha kitu kwenye picha wala kwa mtazamaji, hazina anayezingoja.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba wepesi ni umaskini mtakatifu. Hata kamera nyepesi ni fedha nyingi kwa mkulima wa mahindi wa Laela, na kuiita zuhudi mbele yake ni kumkosea adabu. Kanaa ni jambo jingine: ni kujua ukomo wa haja yako na kuutii hata pale ambapo ungeweza kuuvuka. Tamaa nayo haikai kwenye vyombo vizito peke yake. Mwaka 2018 Nikon ilileta P1000, yenye kuvuta mara 125 badala ya mara 83 za P900. Uzito wake ulipanda hadi kilo 1 na gramu 415, na ikivutwa hadi mwisho lenzi inapitisha mwanga mdogo kuliko ya ndugu yake. Mwenye P900 anayeiacha kwa ajili ya namba 125 ameingia kwenye mbio zilezile alizodhani amezikimbia.

Limebaki pingamizi linalonitisha kuliko yote, na halitoki kwa wapenda vyombo vikubwa. Lenzi inayofika mbali hivyo inaweza kumpiga picha mtu aliye ng'ambo ya bonde asijue: mwanamke anayeoga mtoni, wavuvi wakigawana samaki, waombolezaji kaburini. Lenzi kubwa inayomfikia hivyo huonekana tangu mbali, na mwenye kupigwa anaweza kugeuka. Kamera ndogo hukaa mkononi bila kushtua mtu, ikamnyang'anya nafasi ya kukataa. Siwezi kulijibu hili kwa kusema kwamba kosa ni la mtu na si la chombo, maana chombo kilichorahisisha kosa kina sehemu yake katika kosa. Jibu langu ni sharti. Uvutaji huo ni kwa ajili ya genge la Kalambo, makinda ya korongo, mbega wa kileleni, viumbe ambavyo kuvisogelea ni kuvifukuza au kujiua. Kwa binadamu, lenzi hiyohiyo ibaki kwenye mwanzo wake, milimita 24, ambapo uso hubaki mdogo kwenye picha mpaka mpiga picha awe amefika karibu kabisa na mwenye uso, amemsalimia, na amesikia jibu lake. Ikiwa jibu ni hapana, ataishusha kamera. Anayeona sharti hilo ni zito mno afadhali apewe kamera isiyovuta kabisa.