Deni la Meli ya Tabibu

Tabibu ana deni gani kwa mgonjwa anayemwacha ufukweni? Kwa meli ya hospitali, sheria ya vita ina jibu jepesi. Mkataba wa The Hague wa 1907, kisha ule wa Geneva wa 1949, iliitaka ipakwe rangi nyeupe, isitumike kivita, na imtibu majeruhi bila kuuliza taifa lake. Majeruhi hupandishwa, hufungwa jeraha, hushushwa bandarini penye hospitali. Wajibu wa meli ukaishia hapo.

Katika Ziwa Victoria, ambako meli ya matibabu Jubilee Hope ilianza kuvizungukia visiwa katika miaka ya 2010, jibu hilo halitoshi. Visiwa vingi havina hospitali; mgonjwa hurudishwa palepale alipougulia. Chukua kichocho. Vidonge vya praziquantel huua minyoo mwilini, lakini konokono wanaoeneza maradhi hubaki ziwani. Mvuvi wa Rukuba, kisiwa cha Musoma Vijijini, hana pa kutafutia riziki ila majini. Aweza kupona leo na kuambukizwa tena kesho. Uchungu wa uzazi nao haungoji ratiba ya meli.

Yuko atakayesema: basi fedha za mafuta zijenge hospitali nchi kavu. Hoja ni nzito, ila Mara yenyewe inaipunguza uzito. Hospitali ya Kwangwa mjini Musoma, iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere, ilianza kujengwa miaka ya 1970, ikakaa miongo kadhaa haijakamilika, na wagonjwa wa Bunda na Butiama waliohitaji mabingwa wakapelekwa Bugando, Mwanza. Miaka yote hiyo jengo halikuondoka hata siku moja, wala halikumtibu mtu. Kubaki peke yake si fadhila, kama kuja peke yake kusivyokuwa.

Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliukumbusha umma mwaka 1962 methali ya wahenga: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Meli ni mgeni. Jembe lake ni kumfunza muuguzi wa kisiwani, kuiachia zahanati daftari la wagonjwa na dawa za kufikisha safari ijayo, na kuwaambia wenye mamlaka bila kificho kwamba vyoo na maji safi vitaokoa wengi kuliko sindano zake. Basi hesabu yake isiwe idadi ya waliopanda ngazi. Iwe hali ya kisiwa siku ya tatu baada ya nanga kung'olewa.