Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 18: Lisikilize Jiwe Kabla Hujaligonga

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Nawasalimu ndugu zangu, mama zangu na vijana wetu wa Katesh, Endasak, Dongobesh na Mbulu mjini, pamoja na nyinyi mlio mbali mnaotufuatilia kwa simu.

Leo ni siku ya 18. Uchovu umeshaingia mwilini. Hizi ndizo siku ambazo tumbo limezoea njaa lakini ulimi unaanza kuteleza. Mtu anagombana na mkewe kwa sababu ya chumvi ya futari, mwingine anamfokea mtoto kwa kumwaga maji. Kwa hiyo leo tuongee kuhusu ukali, na nitaanza na jiwe.

Katika Sahihi Bukhari kuna habari ya mjakazi aliyekuwa akichunga kondoo wa Kaab bin Malik kwenye mlima wa Sal', pale Madina. Akamwona kondoo mmoja anataka kufa. Kisu hana. Akavunja jiwe, akamchinja kwa ukali wa lile jiwe. Kaab akawazuia watu wake wasile kwanza mpaka Mtume ﷺ aulizwe. Alipoulizwa, Mtume ﷺ akaruhusu waile nyama ile.

Sisi wa Hanang na Mbulu tunawajua wachungaji, tunawajua na kondoo. Ila wengi tunaisoma habari hii tukitafuta hukumu tu: chombo chochote kinachotiririsha damu, ukataja jina la Allah, kinachinja, isipokuwa jino na ukucha. Hukumu ni sahihi. Lakini jiulize pia, yule mchungaji aliwezaje? Jiwe ukilipiga ovyo linakupa kokoto tu. Ili likupe makali, lazima ulijue.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa historia alikuja darasani na jiwe jeusi linalong'aa kama chupa. Linaitwa obsidiani. Ni kioo cha volkano: lava imepoa haraka mno, fuwele hazikupata nafasi ya kujitengeneza ndani yake. Ndiyo maana linakatika kama kioo, na ukingo wake ni mkali kuliko wembe.

Akatuambia jambo ambalo sikulitegemea. Huku kwetu, kwenye pango la Mumba kando ya Ziwa Eyasi, watafiti walifukua zana za mawe za makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Nyingi ni za mawe ya hapahapa, kama kwazi, lile jiwe jeupe gumu. Lakini vimo na vipande vichache vya obsidiani, na walipopimwa asili yake, ikaonekana vimetoka upande wa Naivasha, Kenya, kama kilomita 300 hivi. Zama hizo hakuna gari wala punda. Jiwe limebebwa na binadamu, labda limepita mikono mingi, mpaka kufika hapa. Sasa fikiria fundi aliyelipokea. Akikosea pigo moja, hana la pili.

Mkufunzi akatupa vitako vya chupa, maana chupa na obsidiani hukatika kwa namna moja. Akasema, "Haya walimu, nibandulieni kisu." Tukavaa miwani ya fundi, tukatandika kipande cha ngozi mapajani, tukaanza. Mimi nilikuwa kijana mwenye nguvu. Nikagonga katikati, nikagonga kwa nguvu. Kikapasuka vipande vitatu visivyofaa kitu, na kidole kikavuja damu.

Akacheka, akatufundisha. Nayakumbuka hivi:

*Kwanza, lisikilize.* Fundi huligonga jiwe kidogo kwa jiwe jingine akatega sikio. Zima lina mlio wa kengele. Lenye ufa ndani lina mlio uliokufa, hata kama nje linang'aa.

*Pili, andaa ukingo.* Kabla ya kupiga, unausugua ukingo kwa jiwe gumu ili uwe imara. Usipofanya hivyo, ukingo unasagika na pigo linapotea.

*Tatu, piga karibu na ukingo, kwa pembe inayofaa, na kwa nguvu ya kiasi.* Ukipiga mbali sana ndani, ama halibanduki kitu, ama linapasuka lote.

*Nne, lishikilie vizuri upande wa pili.* Kipande kirefu chembamba kisiposhikwa, mtikisiko wa pigo unasafiri ndani yake na kinakatika katikati, mbali kabisa na ulipogonga.

*Tano, ukikosea, acha.* Pigo likikwama linaacha kama ngazi ndogo juu ya jiwe. Ukirudia palepale kwa hasira, kila pigo linakwama palepale na ngazi inazidi kupanda. Geuza jiwe, tafuta njia nyingine.

*Sita, okota vipande.* Vimebaki chini, vidogo, vinang'aa. Wewe umeshaondoka, mwenzako anapita pekupeku.

Alipomaliza kazi ya kugonga, akachukua ncha ya pembe ya mnyama, akawa anasukuma ukingo taratibu bila kugonga kabisa. Vipande vyembamba vikawa vinatoka kimoja kimoja. Makali safi kabisa. Mkono haukunyanyuka hata mara moja.

Ndugu zangu, somo hilo nimelikaririsha miaka mingi. Lakini mwezi uliopita nililisahau, na ndiyo sababu ya kuandika leo.

Kuna mtoto mmoja madrasani kwetu. Alikuwa anachelewa, halafu akifika anasinzia juu ya juzuu yake. Siku ya kwanza nikamkemea. Ya pili nikamkemea zaidi. Ya tatu nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Wenzake wakacheka. Kesho yake hakuja, na keshokutwa hakuja.

Nikaenda kwao. Nikamkuta bibi yake uani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba ustadhi. Karibu."

Nikamuuliza mjukuu yuko wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ustadhi, tangu lile tope, mvua ikinyesha usiku mtoto huyu halali. Anakaa mlangoni anasikiliza mlima."

Wa Katesh mnaelewa. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang, na kila mtaa unajua ulimzika nani. Mimi ni imamu, nilikuwepo kwenye mazishi. Na bado nimemfundisha mtoto huyu siku zote hizo bila kumuuliza hata mara moja, "Mwanangu, unalala?" Sikulisikiliza jiwe. Nikapiga palepale mara tatu, na kila nikikwama nikaongeza nguvu. Na vipande nikaviacha sakafuni, vile vicheko vya wenzake.

Katika Surat Aal Imran, aya ya 159, Allah Anamwambia Mtume wake ﷺ kwamba ni kwa rehema Yake amekuwa laini kwa watu, na lau angekuwa mkali mwenye moyo mgumu, wangemkimbia. Huyo ni Mtume ﷺ, mwenye hoja zote na wahyi unamshukia, na bado Allah Anasema wangemkimbia. Sasa mimi na wewe tuna nini cha kuwafanya watu wabaki?

Msinielewe vibaya. Sisemi tusirudi tena kukemea. Chuma kina kazi yake na kinavumilia. Ndugu zetu Wahadzabe wa Yaeda Chini huutwanga msumari mpaka unakuwa ncha ya mshale, na ukikosea unaweza kuugonga tena ukanyooka. Kuna watu ni chuma. Lakini wengine ni kioo, na kwa nje huwezi kuwatofautisha. Wala ukali wenyewe si dhambi. Mtume ﷺ ametuamuru tunoe kisu tunapochinja ili mnyama apumzike, maana kisu butu ndicho kinachotesa. Neno la kweli, fupi, lililosemwa faraghani, ni kisu kilichonolewa. Makelele mbele za watu ni kisu butu.

Tofauti moja ipo, na ndiyo tumaini letu. Jiwe likishabanduka halirudi. Moyo wa binadamu, Allah Akitaka, unarudi. Niliomba radhi kwa bibi, nikamwomba radhi mtoto mwenyewe, kisha nikasema mbele ya darasa zima kwamba nilikosea, kwa sababu nilimvunjia heshima mbele yao. Siku mbili baadaye alikuja. Amekaa karibu na mlango. Sijamwambia asogee. Nimeanza kumsikilizisha sura moja moja baada ya Alasiri, polepole, kwa ile ncha ya pembe.

*Kazi ya leo kabla ya futari:*

1. Mtaje moyoni mtu mmoja uliyempiga kwa ulimi wako mwaka huu: mke, mume, mtoto, kijana wa kazi, mdogo wako.
2. Mwulize hali yake kwanza. Nyamaza, msikilize.
3. Kama ulimkosea mbele za watu, mwombe radhi mbele za watu. Usiviache vipande njiani.

Kumi la mwisho linaingia siku chache zijazo. Tusimkabili Allah usiku tukimwomba Atusamehe, na nyumbani kuna mtu amekaa karibu na mlango kwa sababu yetu.

Ewe Mola wetu, lainisha nyoyo zetu na ndimi zetu. Warehemu waliotutoka kwenye maafa ya Hanang, uwape usingizi wa amani watoto wao. Zipokee swaumu zetu. Aamin.

Tukutane tarawehe inshaallah. Ukiona lina faida, mfikishie na mwenzako.

Wassalaamu alaykum warahmatullah.
Imamu wenu